Mbio za Mwisho za Dada Hatsuyo

Tobata, Kitakyushu
Tarehe 6 Desemba 1964

Mpendwa kaka Seikichi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii iwakute mkiwa wazima, wewe, wifi Yoshie na mtoto Kenzo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anasema ujikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na uache kubeba magunia ya kahawa huko Brazil kama kijana. Sisi hatujambo. Baridi imeshaingia, moshi wa kiwanda cha chuma unachafua nguo kwenye kamba kama zamani, na mama bado anaugombeza kana kwamba una masikio.

Picha ya Kenzo tumeipata. Mama ameibandika juu ya redio na kila asubuhi anaisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Anasema paji hilo la uso ni la marehemu baba, hakuna ubishi.

Mwishoni mwa barua yako uliuliza, kwa mstari mmoja tu, kama ni kweli mbio za baiskeli za wanawake zimefutwa. Hukutaja jina la mtu. Lakini mimi nimezaliwa nyuma yako, nakujua. Ulikuwa unamuulizia dada Hatsuyo, kwa hiyo nitakupa habari zake, hata zile ambazo hukuziomba.

Ni kweli, zimefutwa. Tuliambiwa watazamaji wamepungua na wakimbiaji wamezeeka. Taifa zima lilikuwa limegeuza shingo kuelekea Tokyo kwenye Olimpiki, na habari ya akina dada ilipita kama mvua ya usiku. Asubuhi watu wanaona tu ardhi imelowa.

Nadhani mengi ya maisha yake huyajui, maana alipokuwa akirudi nyumbani wewe ulikuwa ukitokea mlango wa nyuma. Unakumbuka baba alipolazwa kwa ajili ya mapafu, dada akawa anasambaza tofu ya soya milimani kwa ile baiskeli nzito ya mizigo, ndoo mbili za maji zikiwa nyuma. Siku moja kwenye mwinuko alilipita lori la makaa ya mawe. Dereva akamfuata mpaka duka la tofu. Dada alidhani anakuja kugombana.

"Binti," dereva akamwambia, "kule Kokura wanatafuta wanawake wa kushindana. Nenda. Ukibaki huku utatuua kwa aibu."

Akaenda. Mbio zake za kwanza alianguka kwenye kona, ngozi ya paja ikabaki kwenye saruji. Alisimama, akaisukuma baiskeli mpaka mstari wa mwisho huku watu wanamcheka, akawainamia kwa heshima, akatoka. Mwaka wa tatu hakuna aliyecheka tena. Wengi hukimbia wakiwa wamejibanza nyuma ya mwenzao ili awakatie upepo, kisha huchomoka karibu na mwisho. Dada hakujua kujibanza. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, yeye mbele, anapigana na upepo peke yake. Hivyo ndivyo alivyotwaa ubingwa wa wanawake mara tatu, na kila ubingwa mama alipika sardini kwa pumba za mchele zilizochachushwa, akampa dada bakuli la kwanza.

Kaka, wewe ulisema dada anatuaibisha, anaonyesha mapaja mbele ya wacheza kamari. Na wiki ya safari yako ulisema ukiulizwa Brazil una dada wangapi, utajibu mmoja. Dada alikuwa jikoni anamenya viazi. Alisikia, akaendelea kumenya.

Sasa nikueleze jambo la siku ile Kobe. Meli ilipoanza kuondoka ulinirushia ncha ya utepe wa karatasi wa kuagania, wa kijani, nikaidaka. Ulifikiri ni mimi niliyeushika mpaka ukakatika. Sivyo. Dada alikuja. Alikuwa amesimama nyuma ya mtu mmoja mnene ili usimwone usije ukaudhika. Nilimpa utepe, akaushika kwa mikono miwili na kutembea ukingoni mwa gati kadiri meli ilivyosogea, mpaka pakawa hapana pa kutembea. Aliniomba nisikwambie. Leo nimechoka kulitunza hilo.

Mbio zake za mwisho tulikwenda mimi na mama, hapa jirani, Kokura. Mama hakuwahi kukanyaga uwanjani miaka yote hiyo, aliogopa kumwona akianguka. Watazamaji walikuwa wachache, wengine wamelala kwenye viti na magazeti usoni. Kengele ilipolia, dada akatoka mbele kama kawaida yake. Mama alinikamata mkono, kucha zikaingia. Lakini miguu ya miaka thelathini na minne si miguu ya ishirini. Kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka akapitwa na binti wa Shikoku, kisha na mwingine, kisha na mwingine tena. Mama alikuwa amefumba macho, hakuona waliompita. Aliniuliza, "Ameanguka?" Nikamwambia hapana. "Basi ameshinda," akasema, akaanza kulia.

Kuna mzee anaitwa Gonda, mpakiaji makaa wa bandari ya Wakamatsu. Tangu dada aanze, huyu mzee alikuwa anasimama penye wavu wa uwanja na kumtukana: mara nenda kapike, mara hata bibi yangu anakushinda. Dada hakuwahi kumjibu. Siku hiyo alipokuwa anazunguka polepole kupumua, mzee akamwita.

"We Hatsu! Umenilia hela zangu za dau miaka yote hii. Sasa unaondoka, mimi nitamtukana nani?"

Dada akasimama penye wavu. "Mtukane mkeo, kama unaye."

"Alikufa zamani," mzee akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja hapa."

Dada alivua kofia yake ngumu, akamwinamia mpaka chini, muda mrefu. Mzee naye akavua kofia.

Baada ya hapo, kaka, alituogopesha. Alirudi nyumbani na begi lake, akalala kama mgonjwa. Hakuwa anaumwa. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Nilimwambia wanahitaji watu kiwandani kwetu kwenye vifungashio. Akasema "vizuri", akageukia ukutani. Niliogopa tutampoteza akiwa hai.

Mama ndiye aliyemwinua. Aliingia chumbani amefunga kilemba na kuvaa suruali yake ya shambani. "Inuka unifundishe baiskeli," akamwambia.

"Mama, una miaka sitini na tatu."

"Sikuulizi umri wangu, naujua. Posta iko mbali na magoti yangu hayataki tena kutembea. Barua za mwanangu nataka kuzipeleka mwenyewe. Una mama mmoja na kazi huna. Inuka."

Kila asubuhi wakawa kwenye uwanja wa shule, dada anakimbia pembeni ameshika tandiko. Mama alianguka mara nyingi kuliko tulivyohesabu, akiilaumu baiskeli kila mara. Majirani walikuja kucheka, kisha mke wa muuza samaki akauliza kama naye anaweza kujaribu. Kisha wakaja wengine, wajane, mama wenye watoto mgongoni. Sasa ana wanafunzi asubuhi na jioni, na mwalimu mkuu amemwomba awafundishe wasichana wa shule kuanzia majira ya kuchipua. Sauti yake imerudi. Juzi nilimsikia akimfokea mke wa muuza samaki: "Tazama mbele, dada yangu! Gurudumu huko chini halijakuita." Nikajua amepona.

Sitakupangia la kufanya, wewe ni mkubwa wangu. Lakini mwandikie, kaka. Hata kama ni habari za mvua na kahawa tu, bahasha iwe na jina lake. Kwa ubingwa wote alioupata, wewe hukumpongeza hata mara moja.

Msalimie sana wifi Yoshie, mbusu Kenzo paji la uso kwa niaba ya bibi yake, na umfikishie salamu mjomba Torakichi kama mnaonana. Mungu wa njia awalinde, na baridi isiunguze mibuni yenu.

Nafunga hapa kwa sababu mama ameshavaa glavu na anapiga kengele ya baiskeli nje. Anasema barua hii ataipeleka yeye, na dada amekatazwa kushika tandiko.

Mdogo wako asiyeacha kukukumbuka,
Kinue