Kuta Mbili za Kushoto

Shangazi Geneva mpendwa, naomba msaada, ila si wa kushika msumeno, maana huo nimeshaujua, ni msaada kuhusu mume, na wewe umezika wawili na kumfukuza mmoja, umesema mwenyewe hapa gazetini, kwa hiyo nadhani nimekuja pahali pake.

Mume wangu anaitwa Verlyn, na jina lake nalitaja bila wasiwasi kwa sababu gazeti hili siku hizi ninamsomea mimi, asubuhi tukiwa mezani, naanza na tanzia, kisha hali ya barafu ziwani, kisha bei ya mahindi, na nikifika kwenye ukurasa wako naupita haraka kama vile sijauona. Macho yake yanakwisha, Shangazi. Ni ule ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni, akinitazama usoni anayaona masikio tu, pua na mdomo havipo, na daktari ametuambia waziwazi kwamba kiangazi hiki bado ataona vitu vikubwa, cha mwakani yeye hajui na hataki kumdanganya mtu. Sasa kitu kikubwa ambacho Verlyn hajawahi kukiona maishani ni mlima. Amezaliwa hapahapa Minnesota magharibi, amelima hapahapa, kilichoinuka kuliko vyote mbele ya macho yake ni ghala la nafaka la ushirika, na tangu tuoane kila mwaka ni tutakwenda Montana kuona milima, tutakwenda Montana, halafu inakuwa mavuno, au ng'ombe, au paa la zizi limeezuliwa na upepo.

Basi alipostaafu akaanza kutengeneza trela. Utakuwa umeyaona haya matrela madogo yenye umbo la tone la maji, mbele limeviringana, nyuma limeteremka, ndani hamna kitu ila godoro la watu wawili na mlango kila upande, na ukienda nyuma unainua kifuniko unakuta jiko. Akaleta fremu na magurudumu gerejini, akatandaza maboksi sakafuni akaniambia, "Mama, hebu njoo ulale hapa," nikalala na koti langu zito, yeye akalala ubavuni mwangu, akatuzungushia chaki wote wawili, na upana wa kitanda ukapatikana namna hiyo. Akasema milima ataitazama akiwa amelala kitandani mwake, mlango wazi, miguu ndani ya blanketi. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka. Hiyo ni miaka sita imepita, na tangu mwaka ule wa kwanza trela limefunikwa turubai, gari langu linalala nje, na mimi ndiye ninayekwangua barafu kwenye kioo kila asubuhi huku trela ambalo halijawahi kwenda popote likistarehe ndani.

Watu wakimuuliza, "Verlyn, trela vipi?" anajibu, "Linakwenda." Ukimbana zaidi anasema gundi haishiki kwenye baridi. Shangazi, baridi tunayo, sikatai, lakini hata sisi huku tuna Julai.

Februari hii nikaingia gerejini kuchukua soseji za kulungu kwenye friza, nikaligusa turubai kwa kiwiko, likateleza, nikaona. Ubao wa ukuta wa trela una nyuso mbili, uso safi unakaa nje, na uso wa ndani unachongwa vijifereji vya kushikia rafu na dari, na Verlyn alizilaza mbao zote mbili vilevile akazichonga vilevile, kwa hiyo ukuta mmoja ukiusimamisha vijifereji viko ndani panapotakiwa, na wa pili ukiusimamisha viko nje, vinaikodolea mvua. Kuta mbili za kushoto, wa kulia hakuna, ni kama fundi aliyekushonea viatu viwili vya mguu mmoja. Nilisimama pale na soseji mkononi nikaielewa miaka sita yote kwa mkupuo, kwamba si gundi wala si baridi, ni aibu, maana huyu ndiye mtu ambaye kijiji kizima humletea milango na viti awatengenezee. Nikalirudisha turubai nikakaanga soseji. Sikumwambia kitu, ndivyo tulivyolelewa.

Nikaenda kwa rafiki yangu LaVonne, ni mjane, tunaimba naye sauti ya pili kwaya ya kanisani, na karakana ya marehemu mumewe bado ina kila kitu. Verlyn akienda kunywa kahawa na wazee wenzake pale mkahawani, mimi niko gerejini nachukua umbo la ukuta kwenye karatasi ya kufungia nyama, kisha tunakutana kwa LaVonne. Siku ya kukata aliniambia, "Shoga, geuza ubao, angalia tena, maana ukikosea tutakuwa na kuta tatu za kushoto." Nikamwambia, "Wewe shika ubao na ufunge mdomo." Sikukosea. Ukuta ulitoka safi kabisa na nasema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, vijifereji vimenyooka, mlango umekaa mahali pake, na sasa umesimama kwa LaVonne chini ya shuka.

Siku ile nikarudi nyumbani nimejikung'uta vizuri, namkuta Verlyn mezani, nikampita, akanusa. Akasema, "Unanukia mbao."

"Nimepasua kuni kwa LaVonne."

"Kuni za mti gani?"

"Mimi nitajuaje? Kuni tu."

Akazungusha kikombe chake, akasema, "Haya." Nikamshukuru Mungu kwamba haoni vumbi lililobaki kwenye sweta.

Sasa ninapokwama ni hapa. LaVonne anasema tulimalize lote sisi wawili, paa, bawaba, rangi, na Juni siku ya kuzaliwa Verlyn tulifunge utepe, tufungue mlango wa gereji, tumwambie, "Haya bwana, panda!" Na ninaweza, Shangazi, nimeshajua ninaweza. Lakini nikiwa peke yangu nawaza kwamba hii ndiyo kazi ya mwisho aliyoianza akiwa anaona, na nikimmalizia sijui nitakuwa nimempa Montana au nimemnyang'anya trela lake. Na nikimwachia yeye, kiangazi kitapita vilevile, na macho nayo. Nilimwambia twende tu na gari, tulale hotelini, akanijibu, "Nenda wewe, mama. Utaniletea picha." Picha! Mtu wa macho yale! Niliingia bafuni nikafungulia maji, nikalia.

Nifanye lipi?

Mkwangua Barafu,
Minnesota Magharibi

SHANGAZI GENEVA ANAJIBU

Mdogo wangu, yule mmoja sikumfukuza. Alikimbia mwenyewe, mimi nilimfungulia mlango tu.

Pole sana kwa habari ya macho. Nimeisoma, nikaweka barua chini, nikaisoma tena, na sina maneno matamu ya kukupa hapo. Kwa hiyo nitakugombeza, maana hilo ndilo ninaloliweza, na wewe unaonekana una mgongo wa kubeba. Hongera kwa ukuta. Sasa sikiliza.

Utepe utupeni. Leo hii, wewe na huyo LaVonne wako. Unajua vizuri itakavyokuwa siku hiyo ya kuzaliwa: mlango utafunguliwa, Verlyn atasema asante, kwa sababu amelelewa, atasema zuri sana, atapapasa rangi, ataingia, na atakwenda hadi Montana akiwa abiria ndani ya trela lake mwenyewe. Milima ataiona huku anawaza kwamba mkewe na mjane wa watu wamemaliza kilichomshinda. Hutaki hivyo. Ungetaka ungekuwa umeshanunua utepe, usingeniandikia mimi.

Wala sisemi umwachie. Wewe umemwachia miaka sita! Umekwangua barafu miaka sita kimya kimya, halafu unanijia hapa na "ndivyo tulivyolelewa" kama mtu anayeonyesha cheti. Yeye anakwambia gundi, wewe unamwambia kuni, mnakunywa kahawa meza moja, na kila mmoja anadhani anamstahi mwenzake. Hiyo si heshima, mdogo wangu, huo ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Na hivi kweli unaamini ulimdanganya? Mtu ameshika mbao tangu utoto wake, ananusa plaiwudi mbichi kwenye nywele za mkewe, anauliza ni mti gani, anaambiwa kuni tu, anasema haya. Huyo anajua! Anajua tangu siku ile, amekaa na kikombe chake anakusubiri useme, na wewe unamshukuru Mungu kwa ajili ya sweta. Mngekuwa karibu ningewavuta masikio nyote wawili, na yeye masikio yako angeyaona.

Kuhusu macho, nataka tuelewane. Zile kuta mbili za kushoto alizikata akiwa na macho mazima, yote mawili, na miwani mfukoni. Kwa hiyo asije sasa akayasingizia macho, na wewe usimsaidie kuyasingizia. Kazi inayotaka macho ni kupima na kukata, na hiyo umeshatuonyesha unaiweza. Inayobaki ni ya viganja: kupaka gundi, kukaza skrubu, kupiga msasa. Hata fundi mwenye macho mazima, akitaka kujua kama ubao umelainika, anaupitishia mkono. Mpe Verlyn msasa na umpishe. Wewe shika futi, msomee namba kwa sauti kama unavyomsomea bei ya mahindi, aamue yeye. Akikosea mtakata upya. Ukikosea wewe mtakata upya pia, na yeye atakuwa na raha wiki nzima.

Ule ukuta mbovu msiuchome. Ukateni uwe rafu za jiko. Umekaa gerejini miaka yote hiyo, nao una haki ya kuiona Montana.

Na msinianzie habari za kulipamba. Trela la kulala linataka kuta, paa lisilovuja, magurudumu, taa za nyuma ili askari asiwasumbue, na godoro. Kabati litangoja. Rangi itangoja. Kifuniko cha nyuma kikiwa bado hakijakaa sawa, fungeni lile turubai, limezoea. Juni iwakute barabarani, usukani ushike wewe. Mkifika, mwambie asiukodolee mlima katikati, maana katikati ndipo jicho lake halipo. Autazame pembeni kidogo, juu ya bega la huo mlima, na utaingia wote. Mama yangu aliugua ugonjwa huohuo na ndivyo alivyokuwa akitutazama sisi watoto wake.

Sasa la leo. Gazeti liko mkononi mwako, Verlyn yuko mezani, ameshasikia waliofariki na barafu ilivyo. Ukurasa huu usiupite haraka. Msomee. Anza na barua yako, neno kwa neno, usiruke soseji, usiruke bafuni. Kisha umsomee na haya yangu yote mpaka mwisho, maana kuanzia hapa sisemi na wewe tena.

Verlyn, shemeji yangu, habari za asubuhi. Hiyo sauti inayotetemeka ni ya mkeo, na mpaka kufika hapa amejikaza sana, kwa hiyo usithubutu kumwambia "Haya." Weka kikombe chini. Vaa koti. Mpigieni LaVonne, mwambieni mnakuja kuchukua ukuta wa kulia. Ni mrefu, na upepo wa huku mnaujua, haubebwi na mtu mmoja. Mkeo atashika mbele, yeye anaona njia. Wewe shika nyuma.