Tambuu Sebuleni, Bibi Jikoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nina uzito moyoni nisioweza kumwambia mtu wa nyumbani. Mimi ni mjane, naishi mjini Nam Định, hapa Vietnam, kwa mwanangu Khiêm, na tangu niolewe natafuna tambuu, enzi zetu mwanamke asiyetafuna ndiye aliyeshangaza watu, na marehemu mume wangu alikuwa akinikatia popoo kwa mkono wake kila asubuhi, lakini siku hizi meno yangu mekundu yamekuwa aibu, mkaza mwanangu ameliweka kopo langu la kutemea nyuma ya choo. Juzi mjukuu wangu Thục aliletewa posa, Khiêm akaniambia, "Mama, wageni ni watu wa mjini, kaa jikoni kidogo tu, wasikuone unavyotema." Nikakaa, na kwa upenyo wa mlango nikawaona wanaweka mezani sinia la tambuu na popoo lililofunikwa kitambaa chekundu, maana kwetu posa bila tambuu si posa, mama wa kijana akauliza, "Bibi yuko wapi tumsalimie?" Mwanangu akajibu, "Yuko kijijini." Nililia huku napuliza moto, wakiniona waseme ni moshi. Sasa wanataka niache kabla ya harusi au siku hiyo nisiende, na kuna jingine, ndani ya shavu nina kidonda hakiponi tangu sikukuu ya Tết, mwaka mpya wetu, miezi sasa, sijamwambia mtu, najua watasema si tulikukataza. Nifanyeje?

Bibi Nhàn

Shikamoo, bibi. Nimeumia nawe, lakini nakugombeza pia: habari za wageni umezieleza kirefu, kidonda ukakichomeka mwishoni kama salamu! Kidonda cha mdomoni kisichopona miezi yote hiyo, kwa mtafuna tambuu, huenda ni saratani. Kesho hospitali. Tambuu acha leo, kwa ajili ya uhai wako, wakwe baadaye. Najua kuiacha ni kama kumwacha na marehemu mumeo. Mlilie, ni haki yako.

Khiêm, kama unasoma: kuchukizwa na mate si dhambi. Kumkana mama aliyekaa nyuma ya mlango wako ni dhambi. Mpeleke kwa daktari wewe mwenyewe, kisha nenda kwa wakwe ukaseme ulidanganya.

Bibi, harusini utakwenda, ukae mbele. Na ukishindwa kumwambia mwanao habari ya kidonda, mwambie Thục. Leo hii, akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu.