Kibao cha Bibi Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua asubuhi. Sijasema na mtu tangu Ijumaa, isipokuwa redio — nayo nilikuwa nikiisahihisha. Mtangazaji anasema "masaa". Masaa! Nilizima.

Saa nne akaja Filimbi na wageni wake. Namwita hivyo kwa sababu ya filimbi anayoining'iniza shingoni, mtu mzima kama mwamuzi wa mpira. Huwazungusha wageni mjini, na kituo chake cha mwisho ni ng'ambo ya barabara, mbele ya wodi ya zamani ya kutengea wagonjwa. Dirisha langu linaitazama. Leo Bibi Chupa amenyonya damu ya watoto arobaini. Wiki iliyopita walikuwa thelathini. Kwa mwendo huu, ikifika Desemba atakuwa ameumaliza mji.

Mgeni mmoja aliuliza kama huyo bibi alikuwa na watu wake.

"Nani, huyu? Hana mume, hana mtoto, hana ndugu. Jini lina ukoo, mama?"

Wakacheka. Nikafunga dirisha. Chai ilikwisha poa.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni! Karani wa manispaa, mama wa makamo. Alifika juu anahema, akanipa shikamoo kwa vipande. Ngazi zangu ni ishirini na mbili, hazina huruma. Nilitafuta kikombe cha pili dakika nzima. Kilikuwa nyuma ya sufuria, na buibui ndani.

Wodi inafanywa makumbusho. Jumamosi ya wiki ijayo fundi wa maandishi atapaka maneno kwenye kibao cha mlangoni, watu wakishuhudia. Ameniletea vitu viwili: maneno hayo niyapitie, na rejista ya wodi iliyookotwa kabatini, niinakili kwa mwandiko unaosomeka. Ofisini wameshindwa. Wamezoea kompyuta.

Nikamwuliza nani ametunga maneno ya kibao.

"Yule wa filimbi. Wewe, Mwalimu, tunyooshee lugha tu. Hadithi iache ilivyo. Ndiyo watu wanayoijia."

Alipoondoka nikasoma: "Hapa Bibi Chupa, muuguzi katili asiye na ndugu, aliwanyonya watoto damu na kuitia chupani." Nimetafuta kosa la lugha. Hakuna. Sentensi imenyooka kama rula.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefungua rejista. Jalada jeusi, limeliwa pembe. Ukurasa wa kwanza — mwandiko wa Dada.

Niliifunga. Nikafua mashati mawili yaliyokuwa safi. Nikarudi.

Miaka sabini na minne sijamwona akiandika, na mwandiko wake niliujua kama mtu anavyokijua kikohozi cha baba yake. Herufi zinaegemea kushoto, kama watu wanaongojea mlangoni.

Nitaandika hapa, pasipo msomaji. Bibi Chupa ni dada yangu. Tumbo moja. Mama alipofariki nilikuwa na miaka miwili, na yeye ndiye aliyenilea, akinibeba mgongoni hadi akili iliponijia. Mke wangu aliingia kaburini bila kujua. Mwanangu hajui.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu alipiga simu kutoka huko aliko. "Baba, umekula?" Nimekula. "Dawa?" Nimemeza. "Uko na nani hapo?" Nikatazama rejista mezani. Nilikaribia kumwambia niko na shangazi yako.

"Nina kazi," nikasema.

"Kazi gani tena, Baba, kwa umri huo? Pumzika!"

Dakika nne. Baada ya hapo jirani wa chini alishona kwa cherehani hadi adhuhuri. Sauti ya mtu mwingine akiwa na shughuli. Nilishukuru.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika nusu. Niandike ukweli ulivyo, hata usionipendeza.

Ulikuwa mwaka wa surua. Dada alikuwa muuguzi msaidizi, ndiye pekee aliyejua kila uchochoro, kwa hiyo alitumwa nyumba kwa nyumba kuwatoa watoto wenye madoa. Amri ilikuwa ya wakubwa. Mikono ilikuwa ya Dada. Aliwachukua. Hilo Filimbi hakulizua. Wazazi hawakuruhusiwa kuvuka ua wa wodi. Waliingia watoto sitini na mmoja. Waliotoka kwa miguu yao ni ishirini na wanne. Waliobaki Dada amewapigia mstari, mmoja mmoja, kwa rula. Walitolewa lango la nyuma alfajiri, na ni yeye aliyewaendea akina mama kuwaambia.

Na chupa? Zilikuwapo. Kila asubuhi alipita na kisanduku cha mbao chenye matundu kumi na mawili, akitoka hospitali kuu. Kwa vile barabara ni ya mawe, chupa ziligongana. Mama yeyote akisikia kli-kli-kli anamvuta mtoto uvunguni. Nani asingefanya hivyo?

Lakini damu. Neno damu nililitoa mimi.

Nilikuwa na miaka saba. Nami nililazwa mle, nikapona. Siku niliyotolewa, majirani walinizunguka uani. Wanafanya nini humo ndani? Nilikuwa na habari ambayo mtu mzima yeyote pale angeinunua kwa ng'ombe. "Dada anajaza damu kwenye chupa," nikasema. Nami nilimwona kweli! Amekaa kigodani, amekunja mkono wa gauni, mpira mwembamba umetoka mkononi mwake mwenyewe hadi kwenye chupa. Hilo la mkono nilitaka kulisema baadaye. Lakini mama mmoja alikwisha piga yowe, wote wakaninyamazia wangoje mengine, nami nikapenda ule ukimya. Sikumaliza habari.

Jua halijatua, mawe yakawa juu ya bati letu. Baba alimtoa Dada kwa mlango wa uani na sanduku moja. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Alinitafuta kwa macho.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa wa thelathini na nane.

Daktari wa wodi ameeleza humu. Dawa nyingine haikuwapo, kwa hiyo hutolewa damu ya mtu aliyekwisha kuugua surua akapona, ikaachwa itulie, na majimaji ya juu akadungwa mtoto mgonjwa. Safu ya mtoaji: muuguzi. Ukurasa unaofuata: muuguzi. Mara saba katika wiki sita. Mara ya tano daktari ameandika kwamba mtoaji ameanguka sakafuni, apumzike siku mbili. Kesho yake yumo tena.

Safu ya wapokeaji ameijaza Dada, si kwa majina bali kwa vitanda, na kitanda anakiandika "kitada". Kitada 4. Kitada 15. Kitada 9.

Tisa kilikuwa changu. Namba ilipakwa rangi nyeupe kwenye mguu wa kitanda, nami niliitazama kila nilipoinama kutapika. Hili sikulijua. Nilimwona akitoa, sikujua anampa nani.

Nimenakili "kitada" kama alivyoandika. Mara kumi na nne. Sikugusa.

Basi niandike na la barua. Nilipokuwa chuo cha ualimu aliniandikia kutoka mahali alikokuwa akifulia watu nguo. Barua ya kwanza sikuijibu. Ya pili niliisahihisha kwa wino mwekundu — makosa kumi na tisa — nikaweka alama chini, nikairudisha. Kwa miaka mingi nimejiambia ulikuwa utani. Haukuwa. Nilitaka asiandike tena, wenzangu wasije wakauliza ni ya nani.

Hakuandika tena. Ndani yake alikuwa akiuliza kama kifua changu kimepona.

Ijumaa, 14 Machi

Karani amepiga simu. Maneno tayari? Nikasema kesho. "Usituangushe, Mwalimu, fundi amekwisha piga mistari ya chaki."

Nimeandika sentensi mpya mara tisa. Zote sahihi. Zote zinasema "muuguzi mmoja". Mjini naitwa Mwalimu hata na wanaonichukia. Yule mwenye cherehani huwaambia wajukuu wake wanitazame wajifunze. Wajifunze nini?

Sikula.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevaa koti. Rejista iko mezani pamoja na nakala.

Saa nne kasoro. Ng'ambo watu wamejaa. Fundi yuko juu ya ngazi, brashi sikioni. Karani anatazama saa, kisha dirisha langu. Filimbi ameona heri asipoteze umati, ameanza hadithi. Watoto hamsini leo! Mtu amemtania kuwa jana ilikuwa arobaini na tano. "Ndugu yangu, nimeendelea na utafiti!" Kicheko. Kisha akafika pale pake: hana mume, hana mtoto, hana —

Nilifungua dirisha. Sikupanga. Nilipaza ile sauti ya darasani, ambayo sikujua kama bado ninayo.

"Alikuwa naye!"

Wote wameinua nyuso. Fundi ameishika ngazi.

"Alikuwa na nani, Mwalimu?" Karani ameuliza.

Nikamwambia ngojeni, nashuka. Nami nimeketi kuandika! Dirisha liko wazi, nawasikia. Mwanamke mmoja anasema mzee wa watu ameshikwa na jua. Mwingine: hapana, mwacheni, huyo hajawahi kusema neno lisilo na maana. Nimeliandika hili kwanza kwa sababu ndivyo nilivyo, naandika mahali pa kusema. Sentensi ya kibao ninayo sasa. Haina hata "muuguzi mmoja". Ina jina lake, lile tulilokatazwa kulitaja nyumbani, na baada ya jina kuna mimi.

Ngazi ishirini na mbili. Rejista ni nzito kuliko ilivyokuwa Jumatano.

Filimbi amepuliza filimbi yake, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Mzee wangu, unashuka, au tuendelee?"