Baiskeli ya Jeska Imegeuka Gari

Musinzira, Gitega
14 Novemba 2021

Mpendwa dada Paskazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Urbano, kikohozi kimemwacha, au bado anakilea kwa tumbaku? Mvua ya huko Muyinga imeyafaa maharage? Sisi huku miili ni mizima. Roho ndiyo inayonichafuka, na leo baada ya misa nimeona nikuandikie kabla sijatapika mbele ya watoto.

Unalikumbuka lile shimo la matope kando ya ofisi yetu ya tarafa, lililokumezea kandambili ulipotutembelea? Halipo tena. Tulilijaza wenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye kazi za maendeleo, wakubwa kwa wadogo, ingawa wakubwa walibeba simu kuliko mawe. Tukapata mahali pa kuegesha. Kisha wakatuwekea ada ndogo, eti ya usafi. Tukalipa, na waliokuwa wakifagia hapo ni mimi na wenzangu wa ufagio.

Mwezi huu ada imepanda hadi inatia kinyaa. Baiskeli ina bei yake, pikipiki yake, gari ndiyo usiseme. Na magari ya wakubwa? Hayo hayalipi, kwa sababu yako kazini. Kumbe sisi huwa tunakuja kucheza ngoma! Wanasema mwenye nguvu mpishe. Tumempisha, dada, mpaka tumefika mtaroni.

Sasa sikia ya mdogo wetu. Jeska unamjua, miguu haimbebi tangu ile polio. Kwenye dirisha lake la kuandikisha watoto wanaozaliwa huenda na ile baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono, uliyoipakia wewe mwenyewe kwenye lori tuliporudi kutoka Tanzania. Jumatatu Radjabu wa getini alimzuia, macho chini.

"Dada Jeska, unisamehe. Iko na magurudumu tatu, patron anasema hii si kinga, si baiskeli tena, inalipa ya gari. Mi sina kosa."

Bei ya gari ingemlia mshahara wote, na kuiacha nje bila mtu ni kuwapikia wezi. Jeska hakubishana. Aligeuza, akakaa kando ya geti, akaanza kuandikisha watoto pale pale barabarani. Akina mama na vichanga vyao wakamfuata, foleni ikaziba njia, gari la patron, bosi wetu, likakwama ndani. Akatoka anafoka:

"We, ingia! Utakuwa unaingia bure, voilà, c'est fini, yamekwisha!"

"Na wenye baiskeli, patron?" Jeska akamuuliza taratibu.

Yule bwana akamgeuzia mgongo, akarudi ndani. Tangu siku hiyo Jeska yuko nje, mvua ikinyesha anajifunika plastiki. Nami nimeitoa baiskeli yangu, na wenzangu wengi wametoa zao, tunazilinda kwa zamu. Ndani ya kiwanja tulichokijaza kwa migongo yetu yamebaki magari ya wakubwa tu, yamejitandaza kama nguruwe walioshiba. Nikipita naona kinyaa hata kuyatazama.

Juzi patron ametangaza kwamba Jeska akiendelea kukaa nje hadi mwisho wa mwezi, atafutwa kazi. Mke wangu Adventina analia, maana nusu ya sufuria yetu hutoka kwa Jeska. Tukikosa, kuna viazi vya shamba la Bukirasazi.

Lakini Jeska hamwogopi patron. Anakuogopa wewe. Kule kambini Tanzania ulitulea kwa kutufundisha kusema asante kwa kila tulichopewa, hata unga wenye wadudu, na anahofia utamwandikia aipokee hiyo nafasi ya bure. Dada, nakuomba, safari hii usimwambie ashukuru.

Nisalimie shemeji, jirani yako Mama Josefina, na kijana wenu Emmanuel akirudi kutoka shule. Mungu awape mvua ya kiasi na awalindie mlango.

Wako akupendaye, hata nikiwa na hasira,
Moses