Kikohozi na Ile Mpya

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimechemsha sindano, nimesugua plagi ya pikipiki kwa msasa, nimejaza mafuta. Ndivyo Jumatatu zangu zilivyo. Kesho ni siku ya msituni. Wagonjwa saba wa kifua kikuu, vitongoji vitatu, sindano kila Jumanne na kila Jumamosi. Wakikosakosa, zote walizokwisha kuchomwa ni kazi bure. Dresa, yaani mchoma sindano, wa kwenda huko ni mimi peke yangu.

Barua imefika kutoka kwa Bwana Mganga, daktari wa wilaya. Kuna pikipiki mpya imeletwa. Nichague: nibaki na ya zamani au nichukue mpya. Itakayobaki irudi ofisini, wapewe wengine. Sahihi yangu iwe imefika Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16.

Nilifurahi, halafu nikaogopa. Sijui mtu anaogopaje kupewa kitu kipya.

Ya zamani ni ya Kiingereza, ya kabla ya Uhuru. Silinda moja tu, kubwa kama chungu. Inapiga du, du, du, pole pole, kama mtu anayetwanga peke yake. Kule msituni wameipa jina, Kikohozi. Wagonjwa wa kifua hao, na bado wana utani.

Jumanne, 6 Agosti

Imenizimikia kwenye korongo. Mara ya tatu tangu mvua ziishe.

Ni pale njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji, inapoachana na kinjia cha vitongojini. Mchanga mtupu. Nikasukuma. Nikageuka kuvuta pumzi, nikaona alama ya tairi langu la Jumamosi. Juu yake nyayo za simba. Juu yake, si chini yake.

Nikasoma Ayatul Kursi. Nikakosea katikati, nikaanza upya. Nimepiga kiki mpaka goti likafa ganzi. Mwishowe ikawaka.

Nimewakuta wote wamekwisha kaa. Wakisikia Kikohozi kwa mbali huacha kila kitu, hutoka na kukaa mbele ya nyumba kwa mpango, mtu na zamu yake. Nyamizi, mke wa Shija, ndiye aliye hoi kuliko wote. Alianza kutema damu wakati wa mavuno. Mtoto wake mchanga analelewa na mama mkwe, nyumba ya pili, asimwambukize. Sasa damu imekoma. Nikimwacha wiki mbili itarudi. Namfikiria yeye kuliko wenzake, Mungu anisamehe.

Naogopa lile korongo. Nimeliandika ili niache kulibeba.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimempelekea Fundi Selemani pikipiki, hapa hapa Isevya. Ameizunguka mara mbili bila kuigusa. Akasema, "Mzee Mrisho, hii si pikipiki, hii ni mirathi. Ukifa igawiwe kwa sheria."

Vipuri haviji tena. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia mafuta, iliyomo ameichonga yeye mwenyewe kutoka kwenye kipande cha shaba. Nikamuuliza hiyo mpya ikoje. Ameiona. Tangi la mviringo, taa ya duara, kiti cha springi, silinda moja vilevile. Wameiunda kwa sura ya zile za zamani makusudi, watu wazipende. "Imevaa kanzu ya babu yake," akasema, "moyo ni wa kijana. Lakini ikifa sina hata spana ya kuifungulia."

Kwa hiyo ya zamani inakufa kila wiki na inafufuka. Mpya haifi, ila ikifa imekufa.

Mke wangu, Mama Hadija, hakutaka maelezo. Amesema nichukue itakayonirudisha nyumbani.

Jumamosi, 10 Agosti

Wameniazima mpya niijaribu. Kiki moja tu. Korongo nimelivuka miguu haijagusa chini. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikajisemea, basi, nimekwisha chagua.

Nimefika, hakuna mtu.

Ugali ulikuwa bado unatoa mvuke. Mchi umelala kando ya kinu, unga nusu. Kuku amefungwa mguu, ananitazama. Nikaita majina yote saba. Nikaita tena. Vitongoji vyote vitatu hivyo hivyo. Nimeswali Adhuhuri kwenye uwanja wa watu wasiokuwepo, mgongo wote unanisisimka.

Nimerudi na sindano zangu saba.

Njiani ndipo nimeelewa. Vijana wa kuhamisha watu kwenda vijiji vya Ujamaa wanazo pikipiki za aina hii hii. Inalia kama cherehani. Nimewakimbiza mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Kichwa kinauma. Nyamizi amekosa sindano moja kwa ajili ya furaha yangu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimekutana na Ndugu Fikiri ofisini. Ndiye kijana anayesimamia uhamishaji upande wetu. Ana adabu. Shikamoo yake hainikosi, hata akiwa na haraka.

"Chukua mpya, mzee wangu," kaniambia. "Mifupa ya zamani na chuma cha zamani haviendi pamoja."

Nikacheka. Nikamuuliza na hiyo ya kwangu nani ataitaka.

"Hiyo Kikohozi niachie mimi. Nasikia wakiisikia wanatoka wote, wanakaa foleni. Sisi tukienda tunakuta ugali." Akacheka naye. Akanishika bega.

Nimefika nyumbani nimekaa kitandani na viatu.

Si mtoto mbaya. Anataka watu wapate shule, maji ya bomba, zahanati. Na mimi nayataka hayo. Kijiji chenye zahanati kingeniondolea korongo. Lakini nimeona walivyohamishwa watu wa upande wa reli. Lori, jua, vyungu vimevunjika, nyumba inaangushwa nyuma yao ili wasirudi. Kisha siku na siku chini ya turubai. Nyamizi hataweza. Na watatoka wenyewe, watakaa kwa mpango, kwa sababu wanadhani ni mimi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda na Kikohozi. Wametoka, wamechomwa wote saba.

Nikawaambia wa Jumamosi nilikuwa mimi. Shija amecheka mpaka akakaa chini. Walikuwa kichakani, wananiona. "Tulimwona mtu amevaa kofia yako, baba. Mama akasema, wamemla mzee, sasa wanavaa kofia yake." Mama mkwe wa Nyamizi hakucheka. Alisema ndivyo hasa alivyodhani.

Nimewaambia alichosema Fikiri, kuhusu kuchukua Kikohozi. Hakuna aliyenisihi. Wangenisihi ningekasirika, ingekuwa rahisi zaidi. Shija aliisukuma pikipiki mpaka njiani, akaifuta vumbi kwenye tangi kwa kiganja.

Imezima tena korongoni wakati wa kurudi. Sikushuka hata kutazama mchanga. Nimeogopa kama mtoto.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeswali istikhara, nimemwomba Mwenyezi Mungu anionyeshe lenye heri. Sikuota chochote. Nimelala kama gogo.

Nina miaka arobaini na tisa, mke, na mabinti watatu. Nikichukua mpya, Fikiri anachukua Kikohozi. Nikibaki na Kikohozi, siku moja haitawaka, na simba wa korongoni hawasomi barua za ofisi. Tena nitaulizwa kwa nini mtu mwenye akili akatae kipya. Siku hizi neno dogo linatosha uitwe mpinga maendeleo.

Nimemwambia Mama Hadija yote. Alikuwa anachambua mchele. Kisha akasema, "Mimi nilisema itakayokurudisha. Sikusema itakayokurudisha ukiwa huwezi kula." Akaendelea kuchambua.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimetoka msikitini moja kwa moja mpaka ofisini. Nimetia sahihi. Ya zamani.

Karani aliuliza mara mbili. Nikasema nimeizoea. Sahihi imetoka haifanani na yangu.

Fikiri alikuwa mlangoni. Hakukasirika. Amesema, "Sawa, mzee. Basi tutakufuata." Nilidhani ni utani.

Jumamosi, 17 Agosti

Haukuwa utani.

Nilipopita miembe ya mwisho nikaona vumbi nyuma. Nikipunguza mwendo, linapunguza. Gari la ofisi, na lori nyuma yake. Wangeacha Kikohozi iwakusanye watu, halafu waingie.

Sikuwa na akili yoyote. Nilikuwa na hofu tu, na hofu ndiyo iliyofikiri. Nilipofika korongoni nikafunga mafuta. Ikapiga, ikakohoa, ikafa. Nikatandika shuka langu la kuswalia juu ya mchanga, nikaanza kufungua kabureta.

Wakafika. Fikiri akashuka anacheka. "Si nilikwambia? Chuma cha babu." Nikasema kweli mwanangu, uliniambia. Nikapanga vyuma kwenye shuka, kimoja kimoja, kama muuza karanga. Akasema watangoja, nikitengeneza twende.

Dereva wa gari akaja kusaidia. Mtu mzima, wa kutoka Ziba, mikono ya mtu anayejua. Akaitoa plagi, akaitazama. Safi, kavu, nzuri. Akatazama koki ya mafuta, imefungwa. Akanitazama mimi. Nikaona nimekwisha.

Akairudisha plagi pole pole. "Hii haiwaki leo, ndugu," akamwambia Fikiri. "Tutakaa hapa mpaka tuote mizizi."

Wamekaa karibu saa mbili. Jua. Mbung'o wakawala. Watu wa lori wakaanza kunung'unika. Hatimaye Fikiri akasema siku nyingine, wakageuza. Dereva hakuniaga. Hata sijui jina lake.

Nikaanza kufunga. Jeti ya Selemani ikaniponyoka. Kipande cha shaba kama punje ya mtama, ndani ya mchanga. Nimetafuta kwa magoti. Sasa imekuwa kweli haiwaki.

Nikachukua mkoba wa dawa, nikatembea. Kinjia chote kile. Kila jani lililotikisika lilikuwa simba. Nilisema kwa sauti majina ya binti zangu, kwa sababu aya zilikuwa zimenikimbia.

Wameniona mtu wa miguu, wamenitambua. Hakuna aliyekimbia. Nimewachoma wote saba. Nyamizi akauliza mbona natetemeka. Nikasema njaa. Akaagiza niletewe viazi.

Kisha Shija na wenzake wakaja nami korongoni na nyungo tatu za wake zao. Wakapepeta mchanga kama watu wanaopepeta ulezi, wanataniana: mzee anatutafutia dhahabu. Shija ndiye aliyeiona. Nimefika nyumbani jua bado lipo kidogo.

Jumapili, 18 Agosti

Nimedanganya kwa spana. Nimetubu, kisha nimeshindwa kujuta. Hilo linaniogopesha kuliko simba.

Mtu akipita barabarani namsikiliza mpaka amalize kupita.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimekwenda kwa Bwana Mganga, nimemweleza yote, hata koki ya mafuta. Bora aninyonge yeye. Alinisikiliza huku anaandika. Akasema mambo ya kuhamisha watu si yake. Akasema mgonjwa wa kifua aliye katikati ya dozi ni wake. Ameandika barua kwa wakubwa wa Fikiri: wale saba na nyumba zao wasipandishwe lori mpaka dozi iishe, na watakapohamishwa wapelekwe penye zahanati.

Hakunitazama nilipokuwa natoka. Akasema tu, "Mrisho, usirudie." Sijui kama ningeweza kuahidi.

Jumanne, 27 Agosti

Jibu limekuja. Wamekubali, ila si zaidi ya miezi miwili. Fikiri ameniletea mwenyewe. Shikamoo imekuwepo, mkono begani haukuwepo. Ameniuliza, kwa upole kabisa, kama Kikohozi imepona. Nikasema inaendelea vizuri. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Anajua. Au hajui. Nitaishi hivyo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda, nimerudi. Haikuzima.

Nimewaambia habari ya miezi miwili. Wazee wao wamekaa wakaongea Kinyamwezi kwa muda mrefu, sikuingilia. Shija akanijulisha: watahama wenyewe, kwa miguu, kabla ya mvua. Watabeba milango yao. Wanataka kwanza yeye na mimi tukaone mahali penyewe pa kuhamia, maji yako wapi. Nimekubali. Tutakwenda Alhamisi. Atapanda nyuma.

Siku za kule mbele sizijui. Pikipiki haina tena mtu wa kuitengeneza ila Selemani, na Selemani anazeeka.

Wakati nachemsha sindano Nyamizi alikuwa hayupo mahali pake. Nikashtuka. Nikauliza. Mama mkwe akanyoosha kidole. Alikuwa anapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, ndogo, imejaa nusu. Ameitua mwenyewe, ameketi kwenye zamu yake, amenipa mkono wa kushoto nimchome.