Kidonge cha Mgeni

Lobule, 4 Machi 1974

Kaka Laku mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima, karanga zimeota vizuri. Je, wewe, wifi Suzan na watoto hapo Ediofe, Arua, hamjambo?

Mama anatembea, anachambua maharage, anacheka. Lakini wageni wake wasioonekana bado wanakuja, hasa Régine, yule Mkongo aliyekuwa akiuza naye samaki wakavu sokoni Koboko. Kaka, Régine tulimzika sisi wenyewe! Jana nilisema, "Mama, hapo hapana mtu." Akanitazama kwa aibu, aibu ya kunizaa.

"Kiden, wewe nasoma mpaka heshima iliisha? Mugeni iko na njaa!"

Hakugusa chakula mpaka nilipoweka sahani ya pili kwenye mkeka wa Régine.

Vidonge vya daktari nampa mkononi kila jioni. Haviwaondoi wageni. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kiden

Arua, 15 Machi 1974

Mdogo wangu Kiden,

Sisi hatujambo, ila mtoto ana kikohozi. Poleni na kazi ya shamba.

Daktari anasema kama kimoja hakisaidii, mpe viwili. Msimamie mpaka ameze, afungue mdomo uone. Na hiyo sahani ya pili, acha! Unamlea Mama au unalea ugonjwa? Hali isipobadilika nitakuja na gari nimchukue. Hapa kuna chumba chenye kufuli. Hatapotea.

Kaka yako,
Laku

Lobule, 2 Aprili 1974

Kaka,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Nilifanya ulivyosema. Mama anameza viwili mbele ya macho yangu, na Mama ninayemjua ameondoka. Mikono imekakamaa, mate yanamtoka, anaburuta miguu. Jana alianguka karibu na moto. Badala ya Régine sasa anaona wanaume wenye mapanga kwenye kona. Ameniuliza mimi ni binti wa nani.

Tafadhali usije na gari. Nipe nafasi nifikiri.

Mdogo wako,
Kiden

Lobule, 20 Aprili 1974

Kaka! Kaka yangu!

Hamjambo nyote? Kikohozi kimepona? Nimegundua! Naandika haraka, usicheke mwandiko.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafagia, nikainua mkeka wa Régine. Chini yake, vidonge! Vyote vya mwanzo, vimeshikamana na vumbi. Nikamuuliza Mama. Alijibu polepole, ulimi mzito:

"Mugeni nakunywa kwanza. Mimi nangojea."

Unaona? Alimpa Régine! Mgeni ndiye huanza, hata kwa dawa. Zile siku alizocheka na kuchambua maharage, hakuwa amemeza hata kimoja! Ubaya ulianza niliposimama juu yake.

Nilichukua baiskeli mbio mpaka Koboko, kwa muuguzi Severino. Akaja kumwona mwenyewe. "Wazee wengine dawa hii nawageukia, nakuwa sumu kwao," alisema. "Tunapunguza, halafu tunaacha. Nitapita kumwangalia." Amefanya hivyo.

Na leo asubuhi, Kaka! Mama amesimama mlangoni, ameniita: "Kiden! Uji naungua, wewe naota ndoto gani?" Jina langu! Nimelia, nimecheka, uji umeungua kabisa.

Hajapona, najua. Régine amerudi mkekani. Lakini wenye mapanga wameondoka, na Régine hamdhuru mtu. Nimeweka sahani yake, na Mama amekula mpaka akalamba vidole. Kaka, usimfungie mama yetu kwa kufuli. Nakuomba.

Mdogo wako,
Kiden

Arua, 1 Mei 1974

Mdogo wangu Kiden,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa muuguzi Severino. Kikohozi kimepona.

Barua yako nimemsomea wifi yako. Alikwenda akang'oa kufuli, na sasa chumba kimejaa mahindi. Mimi nilihesabu wageni wote wa Mama kuwa ugonjwa. Sikujua mmoja wao alikuwa anatusaidia.

Nakuja Jumamosi kwa basi. Naleta samaki wakavu wa kuwatosha wote. Niambie tu kabla sijaingia: Régine anakaa upande gani? Nisije nikamkalia, Mama akanifukuza.

Kaka yako,
Laku