Gogo Ambalo Hatukulivuka

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Chanzuru hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama uwaambie wenzako kwamba unaogopa kupanda mlima. Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa Kilosa, nilijinunulia viatu imara, tukaenda walimu wanne kutembea msitu wa milimani. Njiani tukakuta gogo lililolazwa juu ya korongo. Niliogopa kuvuka, nikainama kama nafunga kamba za viatu. Mwalimu mkuu, aliyeogopwa na shule nzima, akasema taratibu, "Jamani, mimi hapa siwezi."

Tulikaa chini tukacheka mpaka machozi, maana hakuna aliyetaka kuvuka. Tukala mihogo yetu palepale, tukarudi. Mpaka leo namshukuru kwa kutangulia kusema.

Wasalimie wenzako.

Babu yako